Magunia Sita ya Mpunga

Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia habari ya deni. Sikusudii madeni ya mabenki wala ya mataifa, ingawa hayo nayo nitayagusa kidogo. Nakusudia deni la watu wawili waliopata kula sahani moja, deni lisilo na karatasi wala shahidi, ambalo kila nyumba ya mfanyakazi hapa mjini inalo walau moja la namna yake. Katika habari hii mdai nilikuwa mimi. Mdaiwa alikuwa mama yangu mdogo, mjane, mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, mkazi wa Ifakara.

Mama mdogo huyu si mtu wa mbali kwangu. Nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa kwake, nikakaa nyumbani mwake miaka yote minne ya sekondari. Mpunga wake ndio ulionisomesha, na hata nilipokwenda kuchukua stashahada ya uandishi wa habari, sehemu ya ada ilitoka katika magunia yake. Nayataja haya mapema ili usije ukadhani, kama nilivyotaka kudhani mimi mwenyewe, kwamba hesabu baina yetu ilianza Desemba 2023.

Mwezi huo alinipigia simu. Katika bonde lile Desemba ni mwezi wa mashaka. Mvua zimeanza, trekta zinaingia mashambani, na mwenye fedha mkononi ndiye anayelimiwa kwanza. Mpunga wa mwaka uliopita umekwisha ghalani, au umebaki wa kula tu, na bei yake sokoni inapanda kila juma. Ndiyo maana wakulima wengi, wakikosa pengine pa kushika, huuza mpunga ungali mbichi shambani, na mara nyingine hata kabla haujapandwa. Mwenye fedha humpa mkulima thamani ya gunia moja kwa bei aipendayo yeye, na mavuno yakifika huja kuchukua gunia lake. Akiwa na haraka huliuza papo hapo na kupata faida. Akiwa na subira huliweka mpaka miezi ya njaa irudi, akapata faida juu ya faida. Wala hawa si watu wabaya wote. Wengine ni walimu, wauguzi, wenye maduka, na wengine, kama utakavyoona, ni waandishi wa habari.

Mama mdogo hakuniomba msaada. "Baba," alisema, "sitaki unipe. Nataka unikopeshe kama wanavyokopesha wengine." Akataja masharti yeye mwenyewe: shilingi 300,000, nami Julai nichukue magunia sita. Maana yake ni shilingi 50,000 kwa gunia. Nilijua vema kwamba gunia hilo, likikobolewa na kufika Dar es Salaam likiwa mchele wa Kilombero, ni habari nyingine kabisa. Nilikubali upesi. Naomba ulikumbuke neno hilo, upesi, kwa kuwa linanisuta mpaka leo.

Nusu ya fedha hiyo ilitoka katika mshahara wangu. Nusu ya pili, shilingi 150,000, ilitoka kwa mke wangu, katika akiba yake ya kikundi cha kuweka na kukopa. Tukakubaliana kwamba magunia hayo yakija tutayauza, na ada ya mtoto wetu wa kwanza itapatikana humo.

Masika ya mwaka 2024 bila shaka unayakumbuka. Mvua zilinyesha kupita kiasi katika sehemu nyingi za nchi, na mito ya Mkoa wa Morogoro ikafurika. Mto Kilombero, ambao ukikutana na Luwegu ndipo huzaliwa Rufiji, una desturi ya kutoka katika kingo zake kila mwaka na kuligeuza bonde kuwa ziwa. Desturi hiyo ndiyo rutuba ya Ifakara, na bila hiyo mchele wake usingekuwa na jina. Lakini mpunga hupenda maji yenye adabu. Yakiufunika siku chache na kupungua, huvumilia. Yakikaa juu yake majuma, huoza. Mwaka ule maji yalikaa. Habari zenyewe nilizisoma mezani pangu ofisini zikiletwa na wenzangu wa mikoani, nikazipunguza maneno zipate kuenea ukurasani. Na kila nilipompigia simu Mama mdogo alinijibu, "Tunaendelea vizuri, baba. Mungu yupo." Nami nikaridhika na jibu hilo, kwa sababu lilinifaa kuridhika nalo.

Jumamosi moja ya Julai nilishuka Ifakara jioni, vumbi la safari likiwa bado kichwani. Nilimkuta uani anapepeta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Pole na safari. Mbona umekonda?"

Husema hivyo kila mwaka, na kila mwaka nimenenepa. Aliniingiza ndani, na sebuleni, juu ya mbao mbili ili yasiguse sakafu, nikayaona magunia manne yaliyoshonwa midomo. Yote yalijazwa lumbesa, kwa namna ile ambayo serikali imeipiga marufuku miaka mingi na wanunuzi wameing'ang'ania miaka hiyohiyo. Alikuwa amenijazia bila kuombwa.

"Manne ni haya," alisema, bila kunitazama. "Mawili nivumilie hadi mwakani. Maji yalitusumbua kidogo."

Nilisema hapana neno. Na kabla sijamaliza bilauri ya maji niliyokaribishwa nayo, kichwani nilikwisha piga hesabu: manne ya lumbesa hayapungui sana kwa matano, usafiri kiasi hiki, kukoboa kiasi hiki, bei ya Dar es Salaam kiasi hiki. Hesabu ilitoka vizuri. Nilikula ugali kwa kambale nikiwa mtu mwenye furaha.

Usiku nililazwa chumba kimoja na mjukuu wake, mtoto wa miaka yapata kumi. Taa ilipozimwa akaniita kwa sauti ya chini.

"Mjomba, yale magunia ya sebuleni si yote yetu."

"Ya nani?"

"Mawili ndiyo yetu. Mawili ni ya yule mwenye ghala la kule barabarani. Bibi ameyakopa juzi ili ukija usikute pabaya. Mwakani atarudisha matatu."

"Na mpunga wenu mwingine uko wapi?"

"Hakuna mwingine. Shamba lote limetoa hayo mawili."

Nikamwuliza watakula nini mpaka mwakani. Akasema bibi amekwisha panda mihogo. Kisha akageuka upande wa ukutani, akalala papo hapo, kama walalavyo watoto waliokwisha tua mzigo wao.

Mimi sikulala. Ulinijia moyoni mfano ambao Yesu anautoa katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, ule wa mtumishi aliyesamehewa na mfalme deni la talanta elfu kumi, akatoka nje, akamkuta mwenziwe anayemdai dinari mia, akamkaba koo. Wahubiri wengi niliowasikia husimulia mfano huu kana kwamba deni la pili lilikuwa senti za kununulia mchicha, na hivyo yule mtumishi anaonekana mwendawazimu. Sasa, gizani, nilijaribu kupiga hesabu zake kama nilivyopiga zile za sebuleni. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa kutwa nzima, kama tunavyoona katika habari ya vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili hiyohiyo. Talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Talanta elfu kumi basi ni ujira wa siku milioni 60, hesabu ya mzaha, na nadhani wasikilizaji wa kwanza walicheka waliposikia.

Lakini dinari mia hazichekeshi. Ni ujira wa siku mia moja, zaidi ya miezi mitatu ya jembe. Mwite kibarua yeyote wa bondeni, aliyekwisha palilia mashamba ya watu tangu Januari hadi Aprili, umwambie asamehe ujira wake wote, usikie atakalokujibu. Yule mtumishi alikuwa anadai fedha ya kweli, fedha ambayo huenda mkewe alikwisha ipangia kazi. Sikuwa nimepata kumhurumia mtu huyo maishani mwangu. Usiku ule nilimhurumia sana, maana magunia sita ni magunia sita.

Asubuhi tulikwenda Misa. Ifakara leo ina jimbo lake, lililoundwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, na Jumapili barabara za kuelekea Kanisa Kuu hujaa kanga na vitenge kama bustani. Mama mdogo alivaa kitenge nilichomletea. Tulipofika katika sala ya Baba Yetu, ulimi wangu ukakwama mahali ambapo hujapata kukwama tangu nilipofundishwa sala hiyo. Sisi Wakatoliki tumezoea kusema pale neno makosa. Katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, Mathayo mahali hapo ameandikiwa neno deni. Sijui kama umewahi kupima tofauti yake. Makosa ni neno laini, na mtu aweza kuyasamehe akiwa amekaa kitini, bila mfuko wake kupungua. Deni lina idadi. Lilikuwa sebuleni, limeshonwa kwa uzi wa katani, na la watu wengine ndani yake.

Wala si Mathayo peke yake. Torati, katika sura ya 15 ya Kumbukumbu la Torati, inaamuru kwamba kila mwaka wa saba mdai amwachie ndugu yake deni. Na aliyeiandika aliwajua watu vizuri, maana papo hapo anamwonya mwenye mali asije akaukaza mkono, akakataa kukopesha, kwa sababu tu anaona mwaka wa saba unakaribia. Kitabu cha Walawi nacho kina jubilei ya kila mwaka wa hamsini, ambayo Kanisa Katoliki limeirithi kwa namna yake na kuiadhimisha tena mwaka 2025. Ndugu msomaji wa Kiislamu naye ataniambia kwamba Sura ya Al-Baqara imeagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na kwamba kumwachia kabisa ni sadaka iliyo bora zaidi. Vitabu havijatuficha kitu.

Nilisema nitayagusa madeni ya mataifa. Katika miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliwauliza wakubwa wa dunia kama ni haki tuwanyime watoto wetu chakula ili tulipe madeni. Ulipokaribia mwaka 2000, makanisa na watu wengi duniani walilishika neno hilo la jubilei, wakadai nchi maskini zifutiwe madeni, na mwaka 2001 Tanzania ikapata nafuu kubwa ya madeni yake ya nje. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ikafutwa. Mimi nilikuwa darasa la nne. Namkumbuka mwalimu mkuu akisimama mstarini kutangaza kwamba hapana mtoto atakayerudishwa tena nyumbani kwa ajili ya ada, na namkumbuka jirani yangu wa dawati, ambaye alikuwa amerudishwa mara tatu mwaka uliotangulia, akiniuliza kama ni kweli. Haikunipitia akilini wakati ule kwamba mahali fulani, katika vitabu vya watu nisiowajua, ilikuwa imepigwa kalamu juu ya hesabu, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa na uhusiano na dawati letu.

Baada ya Misa nikamwomba Mama mdogo anipeleke shambani. Alisita, akasema jua kali, akasema hakuna cha kuona. Mwishowe tulipanda bajaji kuelekea upande wa Ulanga, maana shamba lake liko ng'ambo ya mto, kule Minepa. Enzi zangu za shule mto ule tuliuvuka kwa kivuko, na siku za mafuriko tulikaa ukingoni saa nyingi na mizigo yetu, tukiyaangalia maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita na magogo. Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka kwa dhoruba. Mwezi Mei 2018 likafunguliwa daraja, urefu wake mita 384, linaloitwa Daraja la Magufuli, na sasa mtu huvuka kabla hajamaliza kusimulia jambo. Mama mdogo hata hivyo, bajaji ilipoingia darajani, alifanya ishara ya msalaba kama alivyokuwa akifanya kivukoni.

Shamba lilikuwa jeusi. Matope yalikuwa yamekauka na kupasuka vipande vipande, na mabua ya mpunga yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, yakielekea yalikokwenda maji. Katika kona iliyoinuka kidogo palikuwa na kipande kilichovunwa, kisichozidi ukubwa wa uwanja wa netiboli. Magunia yake mawili yalitoka hapo.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu kanisani, tena maneno mazuri. Yalipotoka yalikuwa machache: "Mama, yale magunia mimi sidai tena. Nimeyaacha."

Hakunishukuru. Alisimama kimya, kisha akauliza, "Nani amekwambia?"

"Mtoto."

"Mtoto yule ana mdomo." Akatembea hatua mbili, akarudi. "Sikiliza, baba. Mimi sikukuomba sadaka. Ningetaka sadaka ningeomba sadaka, na wewe ungenipa, najua. Mtu amekupa fedha yake mkononi, unarudisha. Leo ukinisamehe, mwakani nikiwa na shida nitakutazamaje usoni? Nitakuja kukopa kwako kwa miguu gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona ugumu wa kusamehe. Ugumu wa kusamehewa sikuwa nimeufikiria hata kidogo. Yule mdai niliyemlaza macho usiku kucha alikuwa na mahangaiko yake, lakini na yule wa dinari mia naye, je, hakuwa na uso wa kuutunza mbele ya watu?

Macho yangu yakaenda kwenye nguzo nne zilizobaki zimesimama katikati ya shamba. Msomaji uliyekulia mjini huenda hulijui dungu. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambacho mkulima hukaa humo mpunga unapoanza kutia maziwa hadi siku ya kuvuna, akiamia ndege. Kwelea kwelea huja kama wingu, maelfu kwa maelfu, na kundi moja likishuka kwa saa chache likiachwa litakalo, waweza kuondoka na ungo wako mtupu. Kwa hiyo mtu hukesha kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, akiwa na kombeo na rundo la vidonge vya udongo, akipiga kelele, akitikisa kamba zenye makopo.

Mwezi Mei wa mwaka 2006, nikiwa kidato cha pili, Mama mdogo aliniweka juu ya dungu lile siku moja ya likizo, akaenda mjini kumpeleka mtoto hospitali. Mchana vijana wenzangu walipita wakielekea kijijini kucheza mpira. Niliwaambia nitacheza kipindi kimoja tu. Nilicheza viwili, na dakika za nyongeza. Niliporudi, upande wote wa magharibi wa shamba ulikuwa umesimama wima kwa wepesi, masuke matupu yakielekea mbinguni. Jioni alipofika nilimwambia kwamba ndege walikuwa wengi mno mwaka ule, na kwamba nilipigana nao mpaka mkono ukavimba. Alinitazama mkono. Akasema pole. Na Januari iliyofuata ada yangu ya kidato cha tatu ililipwa yote, sikurudishwa nyumbani hata siku moja.

Miaka 18 sikuwa nimemwambia mtu habari ile, hata padri, kwa kuwa kila nilipopiga magoti kitubioni niliona ni utoto tu. Nilimwambia pale, nikiwa nimesimama katika matope yaliyokauka, mtu mzima mwenye familia, na sauti ikinitetemeka kama ya mwanafunzi.

Mama mdogo alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nilipanda dunguni usiku, ulipokuwa umelala. Kombeo lilikuwa pale pale nilipolitundika asubuhi. Na vidonge vya udongo nilivifinyanga mimi mwenyewe, nikavihesabu. Hakikupungua hata kimoja."

"Kwa nini hukusema?"

"Mpunga ulikwisha liwa, baba. Ningekusema wewe, ungeota tena?"

Tukaanza kurudi barabarani. Nilimwuliza ndege wale walikula kiasi gani. Alisema hakuhesabu. Tulitembea hatua nyingine kumi hivi, kisha akasema, bila kugeuka, "Yalikuwa magunia matano."

Nikasimama. "Basi, Mama, matano kwa sita. Umebakiza moja."

Alinigeukia, akanitazama kwa muda mrefu, kama anayenunua kitu sokoni na kutafuta ilipofichwa kasoro. "Hilo moja," alisema, "nitalilipa."

"Ulipe."

"Na ndani yake sitaki maneno."

"Sina maneno."

Jioni ile tulikodi guta, tukayarudisha magunia mawili kwa mwenye ghala. Alitushangaa, akayapima, akadai ujira wa wapagazi wake, nikaulipa. Jina la Mama mdogo likakatwa katika daftari lake mbele ya macho yetu, kwa kalamu nyekundu. Mawili yaliyobaki sebuleni yakafunguliwa midomo, na moja likaenda kukobolewa ili kuliwa.

Ningependa kuishia hapo, msomaji, nionekane mtu mwema. Lakini nilikuwa na mke nyumbani.

Nilirudi Dar es Salaam na debe moja la mchele, ambalo Mama mdogo aliapa kwamba si sehemu ya deni bali ni zawadi ya wajukuu zake. Mke wangu alilitazama debe, akatazama mlangoni kama kuna mzigo mwingine unaokuja nyuma, kisha akaketi. Nilimsimulia yote, tangu mtoto alivyoniambia gizani mpaka habari ya kwelea kwelea. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Alicheka niliposimulia vile vidonge vya udongo. Ndipo akasema, kwa upole kabisa:

"Hao ndege ni wako wewe na mama yako. Mimi ndege wangu wako wapi?"

Nilinyamaza.

"Fedha yangu nayo umeisamehe wewe?"

Alikuwa na haki tupu. Nilikuwa nimesamehe kwa mkono mpana, na nusu ya mkono huo haukuwa wangu. Na fedha ya kikundi haimngojei mtu apate neema. Kila Alhamisi wanawake wale huketi, daftari hufunguliwa, na asiyetia hisa yake hutajwa kwa jina. Nilimwahidi kumrudishia shilingi 150,000 zake kutoka mshahara wangu, shilingi 30,000 kila mwezi. Nililipa tangu Julai hadi Novemba. Katika miezi hiyo nilikula mchana mihogo ya kuchemsha niliyoibeba kutoka nyumbani, nikishuka kituo kimoja kabla ya ofisi ili kuokoa nauli, na ada ya mtoto tuliilipa kwa kuchelewa, baada ya barua mbili za mwalimu. Sikuyafurahia hata mwezi mmoja. Kila mwisho wa mwezi, nilipoweka zile noti mezani, nilimfikiria yule mfalme wa Mathayo. Tunamwona akitamka neno moja na deni linafutika, na masimulizi yanaendelea kwa mtumishi. Hatuoni alivyorudi ndani, akafungua hazina, akakuta pengo. Talanta elfu kumi zile mtu alizikosa. Mdaiwa asipolipa, gharama haitoweki hewani; amelipa aliyesamehe.

Noti za mwisho mke wangu alizihesabu mara mbili, akazitia katika bahasha, akaandika kitu katika kitabu chake cha kikundi. Hakusema asante, na sikuitarajia.

Juma la pili la Desemba 2024, tukiwa tumemaliza chakula cha usiku, simu ililia. Alikuwa Mama mdogo. Aliuliza hali yangu, hali ya mama watoto, hali ya wajukuu mmoja baada ya mwingine kwa majina yao. Alisema mihogo imekubali. Alisema lile gunia moja halijamtoka kichwani, nisidhani amesahau. Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia upande wa pili mvua ikipiga bati, naye akasema kwamba mwaka huu mvua zimeanza vizuri, na trekta zimekwisha kuanza kuingia bondeni.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amesikia kila kitu, maana Mama mdogo huzungumza na simu kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto. Aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika, akafuta mkono, akauinua na kunionyesha vidole vilivyokunjuliwa, akiniuliza kwa ishara: anataka ngapi?